Ufunguo Umepotea au Gari Haiutambui: Tafuta Kosa Kabla ya Kumlipa Fundi

Ufunguo mmoja wa gari una kazi tatu ndani yake, na kila kazi hufa kivyake. Meno ya chuma huzungusha swichi na kufungua mlango. Chipu iliyojificha kichwani huiambia gari kwamba huu ni ufunguo wake. Rimoti, yaani vile vitufe, hufunga na kufungua milango kwa mbali. Mtu akimwambia fundi "ufunguo haufanyi kazi" bado hajamwambia kitu, na fundi akijibu "tuuprogramu" kabla hajauliza ni kazi ipi iliyokufa, basi anabahatisha kwa pesa ya mwenzake. Pesa nyingi hupotea hapo hapo: mtu analipia kuprogramu wakati kosa ni betri ya rimoti, au anabadilisha swichi nzima wakati chipu imebaki kwenye kava la zamani lililotupwa.

Unguja na Pemba shida hii ina sura yake. Gari zetu nyingi ni za Kijapani zilizokwishatumika: IST, Vitz, Raum, Noah, Probox, Rav4, Escudo, X-Trail, Carry. Nyingi hushuka melini na ufunguo mmoja tu, na kile kibati kidogo cha chuma chenye namba ya ufunguo kimeshapotea kabla gari haijaiona bahari ya kwetu. Halafu kuna chumvi ya hewa, mchanga, na joto la gari iliyoanikwa juani Paje mchana kutwa. Kwa hiyo ufunguo ulio nao leo ukiwa mmoja tu, tengeneza wa pili sasa. Kuongeza ufunguo wakati mmoja bado unafanya kazi ni kazi ya dakika chache. Kuanza upya bila ufunguo wowote ni kazi ya nusu siku, na mara nyingine ni ya kufungua dashibodi.

Kwanza: je, ufunguo wako una chipu?

Si kila gari ya Kijapani ina imobilaiza, yaani ule ulinzi unaoizuia injini kuwaka bila chipu. IST mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana, moja inayo na nyingine haina, kwa sababu soko la Japani halikuwekewa ulinzi huu kwenye matoleo yote. Usikubali kuuziwa chipu kabla ya kupima.

Tazama dashibodi gari ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Taa ndogo nyekundu, mara nyingi yenye picha ya gari na ufunguo, ikimulika kila baada ya muda mfupi, imobilaiza ipo. Ukiingiza ufunguo unaotambulika, taa hiyo huzimika.

Kama huna uhakika, chukua karatasi ya foili ya jikoni, kunja mara mbili, uifunge kichwa chote cha ufunguo na kuacha meno tu. Jaribu kuwasha. Gari ikiwaka kama kawaida, ama ufunguo hauna chipu, ama mtu alishagundisha chipu ndani ya kava la swichi zamani, jambo ambalo tutalirudia. Gari ikikataa, na ukitoa foili ikawaka, umepata jibu.

Kwa gari isiyo na chipu, shida yako ni ya kuchongesha tu. Mchongaji yeyote mzuri mwenye kipande cha ufunguo cha aina ya gari yako anaimaliza, na mengi ya hapa chini hayakuhusu.

Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki, taa ya ufunguo inamulika

Hii ndiyo alama kubwa ya chipu kwenye Toyota za ufunguo wa kuingiza. Stata inapiga kwa nguvu, lakini kompyuta ya gari, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, imezuia mafuta na moto wa plagi. Kwenye baadhi ya gari nyingine injini huwaka sekunde moja au mbili kisha ikazima. Ukiona hivyo usihangaike kubadilisha pampu ya mafuta. Itazame taa kwanza.

Sababu tunayoikuta mara nyingi kuliko zote ni kava jipya. Mtu kava lake limepasuka, ananunua jipya mtaani, anahamisha kibao cha rimoti (ule ubao wake wa umeme) na betri, kisha la zamani analitupa. Chipu haimo kwenye kibao cha rimoti kwa Toyota nyingi za namna hii. Imo kwenye tundu lake peke yake, pembeni, karibu na pale chuma kinapoingia kwenye plastiki. Chukua kava la zamani, lipasue taratibu kwa bisibisi bapa nyembamba, na utazame: utaona kipande cheusi kama kipande cha mkaa laini, urefu wa milimita 12 hivi, upana 6, unene 3. Gari nyingine hutumia kichupa cha kioo chenye waya mwembamba ndani. Hicho ndicho. Kitoe bila kukipiga wala kukibana kwa koleo, kiweke kwenye tundu la kava jipya, na mara nyingi gari itawaka bila kuprogramu chochote. Ndiyo maana tunamsihi kila mwenye gari: usilitupe kava la zamani mpaka jipya limewasha gari mara tatu.

Kama chipu ipo mahali pake, fuata mpangilio huu.

Ondoa funguo nyingine zote kwenye mkufu. Ufunguo wa gari nyingine wenye chipu ukining'inia pale pale, chipu mbili hujibu kwa pamoja na gari haielewi hata moja. Pete kubwa ya chuma iliyokumbatia kichwa cha ufunguo nayo huleta shida.

Pima betri ya gari. Ikiwa imepumzika inatakiwa isome karibu volti 12.4 hadi 12.7. Stata inaweza kuzunguka kwa kujikongoja wakati kompyuta imeshakosa nguvu ya kusoma chipu. Gari iliyolala wiki mbili hotelini ni mfano wa kawaida.

Jaribu ufunguo wa pili, kama upo. Ukiwasha, kosa ni la ufunguo wa kwanza. Ukikataa nao, kosa liko upande wa gari: koili, yaani ile pete nyeusi ya plastiki inayozunguka mdomo wa swichi, au plagi yake, au fyuzi. Fungua kava la chini ya stelingi, tafuta waya mwembamba unaotoka kwenye pete hiyo, chomoa plagi, itazame. Ukungu wa kijani ni kutu ya shaba; isafishe kwa spiriti na brashi ya mswaki, ikauke, uirudishe mpaka isikike inabofya. Plagi hii husahaulika ikilegea kila redio mpya au alamu ikifungwa. Kwa hiyo kama shida imeanza baada ya fundi redio kupita, anza hapo.

Ufunguo mpya ulionakiliwa juzi ukikataa siku moja na kukubali siku nyingine, mara nyingi chipu iliyotumika ni hafifu, au imewekwa kinyume na iko mbali na koili. Rudi kwa aliyekunakilia akuwekee nyingine. Nakala nzuri haisitisiti.

Ufunguo unaingia lakini hauzunguki

Hapa chipu haihusiki kabisa. Kwanza legeza stelingi: ichezeshe kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo kwa wepesi. Gari iliyoegeshwa tairi likibana ukuta wa barabara hushika kufuli ya stelingi kwa nguvu. Ufunguo unaokataa kutoka, kwenye gari ya gia za otomatiki, mara nyingi unasubiri gia ifike P kabisa.

Kama stelingi si kosa, linganisha meno na ufunguo mwingine, au na picha ya zamani. Ufunguo uliotumika miaka 15 umelika, na vibati vya ndani ya swichi navyo vimelika pamoja nao. Wakati huo kosa baya ni kuuchongesha kutoka huo huo uliolika: unanakili na uchakavu wake, na ule mpya utashika kidogo kuliko wa zamani. Mwambie mchongaji asome vina, yaani kina cha kila jino, kutoka kwenye kitasa cha mlango wa abiria, ambacho hakijatumika sana, au kutoka kwenye namba ya ufunguo kama kibati kipo. Kwenye baadhi ya Toyota namba hiyo imegongwa pia kwenye kitasa chenyewe.

Swichi iliyoingia mchanga au chumvi isimiminiwe mafuta ya kupikia wala ya nazi wala oili ya injini. Mafuta hukamata mchanga na kuwa kama msasa. Tumia unga mkavu wa grafiti. Ukikosa, sugua penseli laini kwenye meno pande zote mbili, ingiza na utoe mara kumi, futa, rudia.

Ufunguo ukikatikia ndani, acha kusukuma. Usitie gundi kali kwenye kipande ili ukivute, kwani gundi itafunga vibati na utabadilisha swichi yote. Kipande cha msumeno mwembamba wa fremu, meno yake yakielekea nje, kikiingizwa pembeni ya ufunguo na kuvutwa taratibu hukitoa. Vipande vyote viwili viwekwe. Mchongaji ataviunganisha mezani na kunakili.

Gari inawaka, rimoti haifungi milango

Rimoti na chipu ni vitu viwili, hata vikikaa kava moja. Gari ikiwaka vizuri, usimruhusu mtu aguse imobilaiza.

Anza na betri. Namba imeandikwa kwenye betri yenyewe, mara nyingi CR2016, CR2032 au CR1616, zote za volti 3. Usiweke CR2016 mahali pa CR2032 hata kama upana ni ule ule: ni nyembamba, haigusi vizuri, na rimoti itafanya kazi ukiiminya tu. Mita ikisoma chini ya volti 2.8, ibadilishe. Betri za bei nafuu zilizokaa dukani kwenye joto huwa zimeshachoka zikiwa kwenye pakiti, kwa hiyo zipime kabla ya kuondoka Darajani.

Kisha tazama visahani vya chuma vinavyoishika betri. Hewa ya pwani huviwekea ute wa kijani au mweupe. Raba ya kufutia penseli inavisafisha vizuri. Vitufe vyenyewe vimegandishwa kwenye kibao kwa risasi. Kikilegea kimoja, fundi simu yeyote anakigandisha upya.

Kama rimoti ni mpya na haijawahi kufanya kazi, uliza masafa. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani husikiliza karibu megahezi 312 hadi 315. Rimoti za Ulaya na nyingi za Ghuba ni za megahezi 433. Rimoti iliyoletwa kutoka Dubai, ya gari ile ile kwa jina na kwa sura, inaweza isisikike kamwe na gari yako, na hakuna mashine ya kuprogramu itakayoisaidia. Namba ya masafa huandikwa nyuma ya kibao. Fungua utazame kabla ya kulipa.

Rimoti ikiwa sawa kwa masafa na bado haijasajiliwa, Toyota nyingi za miaka ya 2000 hukubali kusajili kwa mkono, bila mashine. Utaratibu hutofautiana kwa toleo, lakini unaotumika zaidi ni huu:

1. Ufunguo uwe nje ya swichi, mlango wa dereva peke yake uwe wazi na usiwe umefungwa kwa loki.
2. Ingiza ufunguo kwenye swichi na uutoe, mara 2, ndani ya sekunde 5.
3. Funga na ufungue mlango wa dereva mara 2.
4. Ingiza na utoe ufunguo mara 1.
5. Funga na ufungue mlango mara 2 tena.
6. Ingiza ufunguo, funga mlango, zungusha kutoka LOCK kwenda ON na kurudi, mara 1 kuongeza rimoti, mara 2 kufuta zote na kuanza upya. Toa ufunguo.
7. Loki za milango zitacheza zenyewe, mara 1 au 2, kuonyesha imekuelewa.
8. Bonyeza kufunga na kufungua kwa pamoja kwa sekunde moja na nusu, achia, kisha bonyeza kufunga peke yake kwa sekunde moja.
9. Loki zikicheza mara 1, imekubali. Zikicheza mara 2, rudia hatua ya 8.

Yote yaende bila kusita. Kinachowaangusha wengi ni mlango mwingine uliobaki wazi kidogo, au swichi ya taa ya mlango iliyokufa: kama taa ya ndani haiwaki ukifungua mlango, gari haijui kwamba umefungua, na hutafika hata hatua ya 4. Tengeneza swichi hiyo kwanza. Ukichagua kufuta zote, kumbuka rimoti ya mkeo au ya dereva wako nayo imefutika. Isajili pale pale. Toyota nyingi za namna hii hupokea rimoti 4.

Ufunguo umeingia baharini au umefuliwa

Jambiani maji yakijaa, mtu anakumbuka ufunguo ukiwa tayari umelowa mfukoni. Usibonyeze kitufe kujaribu. Fungua, toa betri mara moja, maana umeme na chumvi ndivyo vinavyokula kibao ndani ya saa chache. Suuza kibao kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kwa maji yaliyochujwa ya kuongezea betri (si tindikali), kisha kwa spiriti na mswaki laini. Kikaushe kivulini mbele ya feni saa 24. Dashibodi ya gari juani si mahali pake, plastiki itajikunja.

Chipu yenyewe imezibwa, maji hayaiingii. Kwa hiyo ufunguo wa kuingiza uliokaa baharini kutwa nzima mara nyingi bado unawasha gari hata rimoti ikifa. Watu wengi walioambiwa "ufunguo umekufa, tuprogramu mpya" walihitaji kibao cha rimoti tu.

Ufunguo wa kitufe: gari inasema ufunguo haupo

Hizi ni gari zinazowashwa kwa kubonyeza kitufe, ufunguo ukiwa mfukoni: Alphard, Harrier, Crown, Vitz za karibuni na nyingi nyingine. Hapa stata haizunguki hata kidogo.

Betri ya ufunguo ikiwa dhaifu, gari bado inaweza kuwaka. Kanyaga breki, gusisha upande wa nembo wa ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, subiri mlio au taa ya kitufe ibadilike, kisha bonyeza ndani ya sekunde 10. Ndani ya kava kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango wa dereva. Kwenye gari nyingine tundu la kitasa limefichwa chini ya kifuniko cha mpini. Wenye kukodisha gari kwa wageni, wafundisheni jambo hili pale pale mnapokabidhi. Simu nyingi za usiku kutoka Nungwi ni za betri ya CR1632 tu.

Ikikubali kwa kugusisha na kukataa mfukoni hata kwa betri mpya, ondoa simu na chaja ya USB iliyo karibu, jaribu tena. Ikiendelea, antena ya ndani au ufunguo wenyewe una kasoro. Ikikataa hata kwa kugusisha, sikiliza stelingi: kama hakuna mlio wa kufuli kufunguka, ichezeshe kushoto kulia huku ukibonyeza kitufe.

Usinunue ufunguo wa kitufe uliotumika kwa kuwa ni rahisi. Wa Toyota ukishasajiliwa kwenye gari moja hujifunga, na gari nyingine haiupokei mpaka ufunguliwe kwa kifaa maalumu. Muuzaji atakwambia umetoka kwenye gari ile ile. Swali ni kama umefunguliwa.

Funguo zote zimepotea

Usivunje kioo, na usikubali swichi itobolewe. Mpigie fundi ukiwa na maneno yote tayari, mfano: "Fundi, salaam. Gari ni IST, chesi inaanzia NCP61, ufunguo wa kuingiza, taa ya ufunguo inamulika, hakuna ufunguo hata mmoja, gari ipo Bububu kivulini." Kwa maneno hayo anajua aje na kipande kipi, chipu ipi na mashine ipi. Tamka namba ya chesi kama ilivyo. Gari za soko la Japani hazina ile namba ya herufi na tarakimu 17 inayotumika nchi nyingine, na mashine ikidai namba hiyo, fundi anatakiwa achague gari kwa mkono kwenye orodha ya Japani. Akichagua toleo la Ulaya, mashine itagoma au itasoma uongo.

Weka tayari kadi ya gari na kitambulisho chako, cha Mzanzibari au cha taifa. Gari si yako, pata barua ya mwenyewe. Fundi asiyeuliza kitu chochote kati ya hivi atamtengenezea ufunguo hata mwizi wako. Kama ufunguo uliibiwa, toa taarifa polisi kabla ya kazi kuanza.

Kazi nzuri huenda hivi. Mlango unafunguliwa kwa kitasa au kwa kifuko kinachopulizwa hewa kwenye mwanya wa mlango, bila kukunja fremu. Vina vinasomwa, ufunguo wa chuma unachongwa, na unajaribiwa kwenye mlango na swichi kabla ya umeme wowote. Kisha betri inaungwa chaja ya kuishika, kwa sababu volti zikishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kuharibika. Ndipo mashine inaunganishwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya stelingi. Kwa Toyota nyingi mashine inaomba kungoja kama dakika 16 ili imobilaiza ijifungue. Hapo hakuna kuchomoa, kuzima wala kufungua redio. Baada ya hapo ufunguo mpya unaingizwa, taa inazimika, na wa pili unafuata. Tengeneza funguo mbili siku hiyo hiyo. Kazi kubwa imeshalipwa.

Mashine isipoona kompyuta kabisa, kosa la kwanza la kutazama ni fyuzi ya soketi. Kwenye baadhi ya gari fyuzi ya kiwashio cha sigareti au ya taa ya ndani huibeba, na huungua mtu akichomeka chaja mbovu.

Toyota za zamani ambazo haziingiliki kwa soketi hutengenezwa mezani. Kontroli boksi inatolewa, mara nyingi nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria. Ndani kuna kidude cha miguu 8, mara nyingi kimeandikwa 93C56 au 93C66, kinachotunza majina ya funguo. Fundi anakisoma, anahifadhi nakala ya asili, ndipo anaandika. Mdai nakala hiyo. Bila nakala, kosa moja la kuandika ni kununua kontroli boksi nyingine, na nyingine lazima ilingane namba na yako. Za Toyota huanza na 89661.

Hapa ndipo watu wa Pemba wanaweza kuokoa fedha nyingi. Gari iliyokwama Wete au Chake haina haja ya kupandishwa melini, wala fundi mwenye mashine hana lazima ya kuvuka kwa kila gari. Chomoa nguzo ya hasi ya betri, subiri dakika kumi, toa kontroli boksi, swichi na kitasa cha mlango wa abiria, funga kwenye nailoni kavu na kitambaa, andika jina la gari, mwaka na chesi juu yake, tuma kwa boti Unguja. Funguo hurudi zimeshachongwa na kuandikwa. Muulize fundi kwanza imobilaiza ya toleo lako imo ndani ya kontroli boksi au ni kiboksi cha pembeni, ili usitume kitu kisicho chenyewe. Njia hii haifai kwa gari za kitufe.

Kwa Nissan, leta kila ufunguo uliobaki nyumbani kabla ya kusajili. Kusajili mpya hufuta zote zisizokuwepo pale, na kila mmoja lazima uingizwe upya. Fundi atahitaji pia namba ya siri ya gari, na mashine nzuri huisoma yenyewe.

Sasa ile njia ya mkato: kugundisha chipu hai kando ya koili ili ufunguo wowote wenye meno uwashe gari. Ni rahisi, na unapomkuta mgonjwa garini saa nane usiku ina sababu yake. Lakini ikiachwa hivyo, gari yako imekuwa haina imobilaiza. Ukinunua gari iliyotumika hapa mjini, fanya ule mtihani wa foili. Ikiwaka na taa ya ufunguo ipo kwenye dashibodi, fungua kava la swichi utafute kipande kilichogundishwa.

Kabla ya kutoa pesa

Kaa garini na fundi. Washa kwa kila ufunguo peke yake, ule mwingine ukiwa umewekwa mbali, hatua kumi hivi. Zima, toa ufunguo, ngoja dakika 10 huku taa ikimulika, washa tena. Fungua kwa meno kila mlango na buti yenye tundu la ufunguo, si kwa rimoti peke yake. Mwambie akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa: ikizidi zilizo mkononi mwako, ufunguo uliopotea bado unaruhusiwa, mwambie aufute.

Kufuta hakugusi meno. Ufunguo wa zamani bado utafungua mlango, hata kama hautawasha injini. Ukijua nani anao, vitasa vifunguliwe na vibati vyake vipangwe upya. Na ukija kuuona wiki ijayo chini ya mto wa kochi, usiutupe: chipu ya ufunguo wa kuingiza iliyofutwa mara nyingi husajiliwa tena kwenye gari ile ile kwa dakika chache, na utakuwa na wa akiba bila kununua chipu mpya.